Mdogo wangu ataka kusomea ikolojia ya mimea, kuna maisha hapo?

BintiLangoni
Salaam jamani, naomba ushauri. Mdogo wangu yuko mwaka wa tatu chuo asoma botania, sasa kaja likizo Lamu katuambia ati ualimu hautaki tena, ataka kuendelea na ikolojia ya mimea, masta halafu PhD, yote juu ya mikoko. Baba kanyamaza mpaka chai ikapoa kisha kamuuliza, babu yako kakata mikoko umri wake wote bila kuingia darasani, wewe wenda kusomea nini huko? Mie sijui nishike upande gani. Watu wa kazi hii wanakula wapi? Na huo utafiti wenyewe ni nini, kuhesabu miti tu?

Pwani_Kwetu
Dada mwambie asomee uuguzi. Nina rafiki ana masta ya mambo hayo hayo, kila mradi ni miezi sita, ukiisha anarudi kwa mamake Malindi kungoja mwingine. Si ubaya lkn asije akasema hakuambiwa.

TopeMagotini
Huyo wa juu hajasema uongo, miaka yangu minne ya kwanza ilikuwa hivyo, mkataba baada ya mkataba, na pesa nimewahi kulipwa miezi mitatu baada ya kazi kuisha.

Lkn kuhusu kuhesabu miti, ndio ni kuhesabu, ila uhesabu wapi na kwa nini hapo ndipo kazi ilipo. Unaweka ploti zako, sisi twatumia mita 10 kwa 10, kila mti unaandika ni aina gani, unene, urefu, chini yake pana miche mingapi, udongo una chumvi kiasi gani. Katika aina za mikoko, mchu unaupimia unene mita 1.3 kutoka chini kama miti mingine, ile aina iitwayo mkoko huwezi manake hapo pana ile mizizi kama miguu ya kaa, basi unapanda sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Unaandika kwa penseli, daftari la wino likiingia maji umekwisha. Na ratiba hapangi bosi, yapanga bahari, maji yakipwa una masaa machache halafu mbio mashuani. Baadaye unajifungia na kompyuta na R, programu ya kuchambua takwimu, mpaka macho yaume. Mwaka ujao unarudi ploti ile ile, na mwingine tena, manake mti hausemi kitu siku moja. Zile mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha mchanga ukafukia mizizi ya mikoko huko Mwache Mombasa, miti ikafa kwa kukosa hewa, sasa bila mtu anayerudi utajuaje wapi pameota tena na wapi ni tope tupu?

Kuhusu kula: KMFRI (taasisi ya utafiti wa bahari na samaki), KFS (shirika la misitu), vyuo, makumbusho, na miradi ya kaboni, yaani watu walipwa kwa hewa ya kaboni ambayo miti yao inaifyonza na kuihifadhi. Atafute atachimenti Gazi kule Kwale, hapo ndipo ilipo Mikoko Pamoja, tangu 2013 wanakijiji wanauza kaboni ya hekta 117 za mikoko na pesa inaingia kwenye maji na shule. Hakuna aliyepima, hakuna cha kuuza. Ila masta asijilipie mfukoni, angoje mradi wenye ufadhili hata kama ni mwaka mzima.

Mzee_wa_Korja
Binti yangu mimi nilikata. Fito, pau, mazio, boriti, nguzo, ndiyo majina ya miti kwa unene wake, twauza kwa korja, yaani ishirini ishirini, majahazi yapakia yenda Uarabuni mpaka serikali ikapiga marufuku kuuza nje 1982. Baadaye wakaja vijana wa utafiti wakanichukua niwaoneshe mikondo. Mmoja ana digrii mbili huyo, kapanda miche ya mkoko mbele kabisa pale mawimbi yapiga, nikamwambia bwana hapo ni pa mlilana, aina nyingine ya mikoko, hakusikia, kusi ilipokwisha hakukubaki hata mche mmoja, twacheka mpaka leo.

Lkn na yeye alinifunza. Najua mkoko mkubwa ukiukata kisiki hakichipui, mchu wachipua, hilo najua tangu mtoto. Kwa nini, sikuwahi kujiuliza. Yeye kanieleza mkoko ukishakua hauna yale macho, yaani machipukizi, yaliyolala ndani ya gogo yakingoja, mchu unayo. Miaka yote hiyo na shoka mkononi!

Kijana aje kwangu akiwa likizo, asije na viatu vya mjini. Na babake namjua nadhani, aje naye.

BintiLangoni
Mzee shukran, nimemsomea baba. Hapo pa mlilana kacheka sana, asema si ndio mti wa mataruma, zile mbavu za jahazi, nani asojua pake? Kisha katulia, kamgeukia mdogo wangu, kamuuliza juu ya aina nyingine ya mikoko, na muia je, nao una hayo macho? Kijana kakwama. Sasa hivi yuko kwa simu atafuta, na baba kakaa pale pale amngoja.