Naomba ushauri: kupima kelele za baa usiku
Ndugu wanachama, mtaani kwetu Mombasa kuna baa inayopiga muziki hadi alfajiri, ilhali kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 35 nje ya nyumba za makazi nyakati za usiku. Programu ya simu yangu huonyesha zaidi ya 70 dirishani. Najua kipimo cha simu ni rahisi kupingwa, lakini hata kikikosea kwa desibeli 10, kikomo kimepitwa mbali. Je, nianze na NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira) au serikali ya kaunti, na ni nani hukubali kuja kupima usiku wenyewe, si mchana baa ikiwa imefungwa? Je, kumbukumbu ya tarehe na saa, iliyotiwa sahihi na majirani, hupewa uzito?