Simu za IP kwenye meshi ya redio ya ridhaa: sauti inafika upande mmoja tu

mkondo3
Wakuu, nimekwama hapa. Nodi tano za AREDN (programu inayounganisha redio za ridhaa kuwa meshi, yaani mtandao wa nodi zinazopitishiana data) kwenye GHz 5, na seva moja ya simu, Asterisk (kwa moduli yake ya PJSIP), yenye miguu miwili: mmoja kwenye meshi kwa anwani ya 10.x, mwingine kwenye 44Net (anwani za 44.x walizotengewa wanaredio wa ridhaa) kupitia handaki la IPIP (pakiti ya IP ndani ya pakiti nyingine ya IP). Simu A iko nyuma ya nodi yenye mtandao wa ndani wa hali ya NAT (nodi inabadilisha anwani ya ndani kuwa yake), imepewa 172.27.0.8. Simu B iko upande wa 44. Zote zimejisajili, direct_media nimeshaizima (sauti ipite kwenye seva, si simu kwa simu).

A akipiga, B inaita na anamsikia A vizuri kiasi, ila A hasikii kitu. B akipiga, A haiiti kabisa. Na hata sauti inayofika inakatika-katika. Je, niombe anwani za 44 kwa simu zote?

ohmu50
Usiombe bado, kosa haliko kwenye aina ya anwani. Simu ya SIP (lugha ya kupigiana simu kwenye IP) hutaja anwani yake mahali pawili: kwenye kichwa cha pakiti, na ndani ya ujumbe wenyewe, yaani Contact (nipigiwe wapi) na SDP (sauti itumwe wapi). NAT ya nodi inabadilisha ya kwanza tu. Ni bahasha yenye anwani mpya, lakini barua iliyomo ndani inasema "nijibu kwa 172.27.0.8". Seva inatii barua, na kwenye meshi hakuna njia ya kufika huko. Ndiyo maana sauti ya A inatoka na ya B hairudi. Simu ya B kwenda kwa A nayo inapotelea hapohapo, kwa sababu usajili wa A umehifadhiwa kwa anwani hiyohiyo.

Kwenye endpoint ya A (sehemu ya simu hiyo katika mipangilio ya Asterisk) weka:

rewrite_contact=yes
rtp_symmetric=yes
force_rport=yes

Kwenye aor yake (rekodi ya mahali simu inapopatikana) ongeza qualify_frequency=25, seva iiulize simu kila sekunde 25, ili tundu la NAT lisijifunge simu ikiwa kimya.

Hiyo ni bandeji. Dawa ni kuitoa nodi kwenye NAT na kuiweka kwenye hali ya moja kwa moja ya vifaa 5. Inatoa /29: anwani 6 zinazotumika, moja ya nodi, tano za vifaa, zote zinafikika kutoka popote kwenye meshi. Washa nodi upya, kisha simu, halafu ihifadhie simu anwani yake kwenye DHCP ya nodi (huduma inayogawa anwani).

Jambo jingine la kukumbuka: simu ikikatika kila mara kwenye sekunde ya 32, usihangaike na antena. Hiyo ni ACK iliyopotea, yaani jibu la mpigaji kwamba ameona simu imepokelewa. Aliyepokea anairudia 200 OK (ujumbe wa "nimepokea") kwa sekunde 32 kisha anakata. Chanzo ni kilekile, anwani isiyofikika ndani ya Contact.

mlingoti
Naongezea upande wa miguu miwili. 44Net haijui njia ya kurudi kwenye 10.x yako, kwa hiyo seva lazima ibaki katikati ya sauti. Fungua transport mbili (milango ya SIP kwenye Asterisk), kila moja ifungwe kwenye anwani yake, na kila endpoint itajiwe transport na media_address (anwani ya sauti) ya upande wake. Usipofanya hivyo seva inaweza kumtajia B anwani ya 10, na utaanza kusaka kosa upya.

Angalia pia njia za handaki. Maelekezo ya zamani yanatuma 44.0.0.0/8 nzima ndani yake. Robo ya mwisho, 44.192.0.0/10, iliuzwa kwa Amazon mwaka 2019. Ukiiacha humo, tovuti na huduma zilizoko huko zitaonekana zimekufa. Weka njia mbili: 44.0.0.0/9 na 44.128.0.0/10. Na IPIP ni protokali namba 4, haina poti. Ruta inayojua kupitisha TCP na UDP pekee haitaipitisha, hata ufungue poti zote.

Anwani za nodi hutokana na MAC (namba ya kiwandani ya kifaa), kwa hiyo ukibadilisha nodi namba inabadilika. Kwenye simu andika jina la seva linaloishia na .local.mesh, usiandike namba.

mkondo3
A sasa iko kwenye /29, sauti inakwenda na kurudi. Kukatika-katika kwa sauti bado kupo. Kiungo kinaonyesha megabiti 20, simu moja inakulaje zote?

ohmu50
Haizili. G.711 (kodeki, njia ya kugeuza sauti kuwa data) yenye pakiti za milisekunde 20 ni baiti 160 za sauti na 40 za vichwa, mara 50 kwa sekunde: kilobiti 80 kila upande. Kinachoumia ni muda wa hewani. Simu moja ni pakiti 100 kwa sekunde kwenye kila mruko (kutoka nodi moja hadi nyingine), na miruko ikitumia chaneli moja zinasubiriana. Pima kwa pakiti zenye ukubwa uleule:

sudo ping -i 0.02 -s 172 -c 1000 seva.local.mesh

Tazama zilizopotea, na pengo kati ya muda mfupi na mrefu. Likiwa kubwa, kagua kwanza mpangilio wa umbali kwenye nodi. Ukiwa mdogo kuliko umbali halisi, uthibitisho kwamba pakiti imepokelewa unachelewa kufika na redio inarudia kila pakiti bure.

mlingoti
Na ukishawishika kuhamia G.729 (kodeki inayobana sauti zaidi), piga hesabu kwanza. Sauti ni baiti 20, vichwa bado ni 40, jumla kilobiti 24. Ukirefusha pakiti hadi milisekunde 60 unashuka hadi kama kilobiti 13 na, muhimu zaidi hapa, pakiti zinapungua kutoka 50 hadi 17 hivi kwa sekunde kila upande. Gharama yake ni ucheleweshaji, na pakiti moja ikipotea inaondoka na kipande kirefu zaidi cha sauti.

TLS na SRTP (usimbaji fiche wa ujumbe wa SIP na wa sauti) zizime kwenye kila kinachopita hewani, kanuni za redio ya ridhaa haziruhusu kuficha maana ya ujumbe. Nywila ya SIP haina tatizo: inayosafiri ni heshi tu (namba iliyokokotolewa kutokana na nywila, si nywila yenyewe), na huo ni uthibitisho wa utambulisho, si ufichaji.