Karatasi za mazoezi: zinamfundisha mwanafunzi au zinamtuliza tu?

Swali (mwalimu, Morogoro)
Ndugu walimu, nafundisha Darasa la Tatu lenye wanafunzi 84 katika shule ya msingi ya serikali. Tangu mwaka jana nimekuwa nikidurufu karatasi za mazoezi ya Hisabati na Kiswahili kwa fedha zangu, kwa sababu kuandika maswali ubaoni na kusubiri watoto wayanakili kulikuwa kunamaliza nusu ya kipindi cha dakika 40. Darasa limetulia, na kusahihisha kumekuwa kwepesi. Hata hivyo, nilipowataka waandike habari fupi kuhusu safari ya sokoni, wengi hawakuvuka sentensi mbili, ilhali ni hao hao wanaojaza nafasi zilizoachwa wazi bila kukosea. Je, niendelee?

Jibu (mwalimu, Iringa)
Mwalimu mwenzangu, tatizo umekwisha kuliona. Mtoto anayejaza neno moja katika sentensi iliyokwisha kutungwa hajatunga chochote. Katika Kiswahili nimebakiza zoezi hilo pale tu ninapopima jambo dogo mahususi, kama upatanisho wa kisarufi. Siku nyingine wanaandika sentensi nzima madaftarini, hata ziwe tatu tu, nami nazisoma.

Hisabati ninatumia karatasi, lakini maswali hayazidi matano, na nayachagua ili kosa lijitokeze. Ukimpa mtoto 58 − 23, atapata 35 hata kama hajaelewa kukopa. Mpe 52 − 27: akikuandikia tena 35, utajua papo hapo kwamba kwenye mamoja ametoa 2 katika 7, kwa kuwa amezoea kutoa namba ndogo katika kubwa bila kujali ipi iko juu. Karatasi yenye maswali 30 ya aina ya kwanza itajaa alama za vema, na kosa hilo litaendelea kujificha hadi Upimaji wa Darasa la Nne.

Jibu (mwalimu mkuu mstaafu, Tanga)
Naunga mkono, ila suala la fedha lisipitwe, maana linaniuma kuona mwalimu akigharimia darasa kutoka mfukoni. Elimumsingi bila malipo ilipoanza mwaka 2016, ruzuku ilihesabiwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na 4,000 kati ya hizo zilielekezwa kwenye vitabu. Mwaka wa masomo una siku 194, takriban wiki 39. Karatasi moja kwa wiki, kwa shilingi 100, ni 3,900 kati ya 6,000 zinazobaki, na bado hujanunua chaki. Durufu nakala 21, kila nne wagawane moja, wajibu madaftarini, kisha zikusanye uzitumie mwakani. Watoto wanne wakiinamia karatasi moja watabishana juu ya jibu, na ukisimama karibu utasikia wanavyofikiri, jambo ambalo alama ya vema haikuonyeshi.

Muuliza swali
Shikamoo, Mwalimu Mkuu, na nawashukuru nyote wawili. Leo asubuhi nimewapa 52 − 27, na zaidi ya nusu ya darasa wameandika 35, wakiwemo watatu ninaowategemea. Karatasi za wiki hii nimeziweka kabatini. Kesho tunaanza na vijiti, mafungu ya kumi kumi, kila mtoto afungue fungu moja kwa mikono yake kabla ya kutoa 7.