Mrejesho: kutoka utafiti wa malaria hadi ualimu wa sekondari, Kisumu

Wadau, niliuliza kama mtafiti mwenye shahada ya sayansi isiyo ya ualimu anaweza kufundisha Biolojia na Kemia. Asanteni sana. Mlionisukuma nisome stashahada ya uzamili ya elimu mlisema kweli: bila hiyo TSC, tume ya walimu ya Kenya, haikusajili, hata uwe na uzamili wa sayansi. Namba ya TSC ninayo. Ajira ya serikali bado. Nipo kwa mkataba wa bodi ya shule, na mshahara wenyewe, tuuache tu.

Ule ushauri wa kuanza somo na hadubini ulibuma, maana shuleni ni moja tu, ikagombaniwa. Viluwiluwi vya mbu kwenye chupa, kila dawati na yake, ndivyo vilivyowanasa wanafunzi.

Anayefuata akague kwanza alama zake za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari: wanataka C+ katika masomo yote mawili ya kufundishia.