Nafaka ya mwitu iligeukaje kuwa ya shamba, na kwa nini miji ya kwanza ilisimama penye ukame?

MwalimuKadutu (Bukavu)

Jambo wote. Wiki ijayo naingia kwenye sura ya mwanzo wa kilimo na darasa la wakubwa, na kitabu kinamaliza jambo lote kwa sentensi mbili: watu waligundua mbegu, wakaacha kuhamahama, wakajenga miji. Wanafunzi hawatosheki. Wanauliza nafaka ya mwitu iligeukaje kuwa ya shamba, na kwa muda gani. Wanauliza mtu anayechimba leo anajuaje kwamba punje iliyoungua miaka 10,000 iliyopita ililimwa, haikuokotwa porini. Na swali linalorudi kila mara: udongo wa Kivu unazaa kila kitu, mvua haikosi, mbona miji ya kwanza ilisimama kule Irak penye jua na vumbi, haikusimama huku? Naomba majibu yenye vipimo na majina ya mahali, kitu ninachoweza kuandika ubaoni.

PunjeNyeusi (Goma)

Mwalimu, aksanti kwa swali. Kwanza ondoa neno "waligundua". Mtu anayeishi kwa kuokota mbegu anajua vizuri kabisa kwamba mbegu huota. Pale Ohalo II, pembeni ya Ziwa Galilaya, watu walisaga nafaka za mwitu miaka 23,000 iliyopita. Shubayqa, huko Yordani, yamepatikana makombo ya mkate ya miaka 14,400 hivi, kilimo kikiwa bado mbali. Mkate ulitangulia shamba. Kilichobadilika si akili ya mtu, ni suke.

Suke la ngano au shayiri ya mwitu likikomaa hujivunja lenyewe. Uti wake una viungo. Kila kiungo kikikauka kinaachia, na punje inaanguka pamoja na makapi yake, kuanzia juu kushuka chini. Mmea unajipanda hivyo. Mvunaji akichelewa siku chache anakuta mabua matupu. Lakini katika kila uwanda wa nafaka ya mwitu kuna mimea michache yenye kasoro: viungo vyake haviachii. Kwa shayiri, kasoro hiyo inatoka kwenye jeni mbili zilizo jirani, Btr1 na Btr2; ikiharibika moja tu, suke linashika. Porini mmea huo hauendi mbali, punje zinabaki juu na ndege anazimaliza. Mvunaji akija na mundu masuke yakiwa makavu, yanayoshika ndiyo yanayoingia kikapuni kwa wingi. Akipanda kutoka kikapu hicho, mwaka unaofuata yameongezeka kidogo. Hakuna aliyekusudia.

Kuhusu muda, watu wengi hukosea hapa. Mwaka 1990 watafiti Gordon Hillman na Stuart Davies walipiga hesabu wakaona kazi hiyo ingeweza kuisha kwa miaka 20 hadi 200. Punje zilizochimbwa zinaonyesha zaidi ya miaka 1,000, na mahali pengine karibu 3,000. Sababu ni kwamba masharti matatu lazima yakutane: kuvuna kwa mundu au kwa kung'oa, kuvuna suke likiwa kavu, na kupanda mahali papya. Ukivuna suke likiwa bado bichi, hakuna uchaguzi, kwa sababu masuke ya aina zote mbili bado yameshika. Ukipiga masuke ili punje zidondokee kikapuni, unachagua kinyume, unachukua yanayovunjika. Ukipanda pale pale ulipovuna, punje zilizoanguka zenyewe zinaota na kuzidi zile ulizopanda. Na mwaka wa njaa, mbegu ikiisha, mtu anarudi porini kuchukua nyingine, kazi ya vizazi inafutika.

Alama nyingine ni mbegu kunenepa, maana iliyofukiwa chini inahitaji nguvu ya kutoboa udongo, na mbegu kuacha kulala. Mbegu za mwitu haziamki zote pamoja. Nyingine hungoja mvua ya mwaka wa pili. Isiyoota pamoja na wenzake haivunwi, basi haipandwi tena.

Anayechimba anaangalia kovu, mahali punje ilipoachana na uti. Iliyoanguka yenyewe ina kovu laini, kama jani lililodondoka. Iliyotenganishwa kwa kutwangwa ina kovu lililochanika. Darubini ya kukuza mara 20 hadi 40 inatosha. Ila waambie wanafunzi wasishangilie kovu moja: hata kwenye shayiri ya mwitu, hadi 10 kati ya 100 huchanika, hasa zile za chini ya suke. Ushahidi ni uwiano, kwa hiyo lazima uhesabu nyingi.

Mfano wa Afrika upo pia, na ni mtama wetu. Mashariki mwa Sudani, karibu na Kassala, kwenye eneo liitwalo KG23, wafinyanzi walichanganya makapi ya mtama na udongo. Makapi yaliungua, alama zikabaki ndani ya vigae. Watafiti walimimina mpira wa silikoni kwenye matundu hayo, wakapata umbo la kila kovu: ya mwitu na ya shamba yamechanganyika. Ni kati ya mwaka 3500 na 3000 kabla ya Kristo, mtama ukiwa katikati ya kugeuka.

KisaleKusini (Lubumbashi)

Nichukue swali la tatu. Mwalimu, udongo mzuri haujengi mji. Wala kutulia mahali pamoja hakuhitaji shamba: Ishango, kwenye Ziwa Edward, hapo hapo Kivu ya Kaskazini, watu walivua samaki kwa vichoma vya mfupa vyenye meno miaka 20,000 hivi iliyopita. Ndipo Jean de Heinzelin alipochimbua mwaka 1950 ule mfupa wenye mikato iliyopangwa kwa mafungu. Ziwa liliwalisha, wakakaa.

Mimi naanza na akiba. Miaka ya 1960 mtafiti Jack Harlan alivuna ngano ya mwitu huko Uturuki kwa mundu wa jiwe, akapata zaidi kidogo ya kilo 1 ya punje safi kwa saa. Akakadiria kwamba familia moja kwa wiki tatu ingekusanya zaidi ya inachokula mwaka mzima. Sasa, mzigo huo haubebeki mgongoni. Kwa hiyo unaweka ghala, na ukiweka ghala unakaa karibu nalo. Dhra', huko Yordani, maghala yalijengwa miaka 11,300 iliyopita, nafaka ikiwa bado ya mwitu kwa umbo. Sakafu yake iliinuliwa juu ya mawe, hewa ipite chini, panya na unyevu wasiingie. Punje yenye unyevu zaidi ya asilimia 14 inaota ukungu na kupata moto ndani ya lundo. Sababu ni ile ile leo kwa ghala la mahindi la Kasenga.

Kusini mwa Irak mvua haifiki milimita 200 kwa mwaka, na bila kiasi hicho shayiri haizai kwa mvua peke yake. Lazima mfereji. Tena mto Frati ulifurika mwezi wa 4 na wa 5, wakati mavuno yanakaribia, si wakati wa kupanda. Nili ilifurika mwezi wa 7 hadi wa 9, ikaondoka na kuacha tope lililolowa tayari kwa mbegu, na ikasafisha chumvi. Kwa hiyo mtu wa Mesopotamia, yaani Irak ya kale, alihitaji kuelekeza maji, kuzuia maji, kuzibua tope kila mwaka, pamoja na jirani. Shamba lililo kwenye mfereji halikimbii na mwenye nalo hakimbii. Shayiri yote inaiva wakati mmoja, inaonekana toka mbali, inapimwa kwa chombo, inakaa ghalani. Mtoza kodi hahitaji zaidi.

Uruk karibu mwaka 3200 kabla ya Kristo ulikuwa na hekta 250 hivi na watu makumi ya maelfu. Mabamba ya udongo ya kwanza yenye maandishi yametoka hapo, na sehemu kubwa kabisa ni hesabu: shayiri, kondoo, bia, vibarua. Si mashairi wala sala. Baadaye, karibu mwaka 2100 kabla ya Kristo, posho ya kawaida ya kibarua mwanaume ilikuwa lita 60 za shayiri kwa mwezi, bidoni tatu zetu za lita 20. Mwanamke alipata 30.

Na huku? Migomba na viazi vikuu havikai ghalani. Mkungu ukiiva unakula wiki hiyo. Ukitaka kumtoza mtu ndizi, uwe mlangoni kwake siku ile ile. Watafiti kadhaa wanaona ndiyo maana mataifa makubwa ya kwanza yalisimama kwenye nafaka, si kwenye mizizi. Hoja hiyo naikubali nusu, kwa sababu Katanga inaipinga vizuri. Makaburi ya Sanga kwenye Ziwa Kisale, yaliyochimbwa 1957 na 1958, yanaonyesha watu wengi na matajiri tangu karne ya 8: vyungu vya ustadi, chuma, shaba, pembe za ndovu. Baadaye misalaba midogo ya shaba ikawa fedha. Walikuwa na mtama, ndiyo, lakini nguvu yao ilikuwa samaki wa bonde la Upemba, na samaki akikaushwa anakaa, anafungwa mzigo, anahesabiwa, anasafiri. Uliza muuza ndagala yeyote. Kwa hiyo ubaoni usiandike "nafaka". Andika "chakula kinachokaa na kuhesabika".

Kijana_Himbi (Goma)

Lakini mihogo inakaa ardhini hata miaka miwili. Hiyo si akiba? Wazee wa zamani walikuwa na bukari (ugali) na sombe (majani ya muhogo), hawakuhitaji ghala.

MamaMbegu (Uvira)

Mwanangu, wazee hao si wa zamani kiasi hicho. Muhogo umetoka Amerika ya Kusini, Wareno waliuleta pwani ya magharibi karne ya 16, na huku ulifika baadaye zaidi. Mahindi vilevile ni ya Amerika. Na haya maharagi yetu pia, na karanga. Ondoa vyote hivyo kwenye sahani: bukari unabaki wa mtama na ulezi, sombe linaondoka, kunde inabaki, mawese yanabaki kwa sababu mchikichi ni wa misitu yetu. Hata ndizi ni mgeni. Huko Kuk, Papua New Guinea, zililimwa karibu miaka 7,000 iliyopita.

Ardhini muhogo unakaa, umesema kweli. Ukishang'olewa, siku mbili tatu unaanza kuwa mweusi ndani. Akiba yake iko kwa mwenye shamba, haihamishiki kwa mfalme mpaka ikauke na kusagwa. Hapo unaunga mkono hoja ya KisaleKusini.

Mwalimu, kitu kimoja nakuomba usikiache, maana vitabu hukiacha. Abu Hureyra, Siria, mifupa ya wanawake wa mwanzo wa kilimo ina magoti yaliyolika, migongo ya chini iliyoumia na vidole gumba vya miguu vilivyopinda. Ni kupiga magoti mbele ya jiwe la kusagia, kusukuma mbele na kurudi, saa nyingi kila siku. Meno yakavunjwa na mchanga wa jiwe. Wakati huo huo uji ulifanya mtoto aachishwe ziwa mapema, uzazi ukakaribiana, watu wakaongezeka upesi. Ndiyo sababu hawakuweza kurudi nyuma hata kazi ilipozidi: kijiji chenye midomo mingi hakishibi tena kwa kuokota.

MwalimuKadutu (Bukavu)

Mama, nitaliweka hilo mwanzoni mwa somo. PunjeNyeusi, swali la mwisho: naweza kuwaonyesha jinsi punje zinavyotolewa udongoni, na vyombo vya nyumbani tu?

PunjeNyeusi (Goma)

Inawezekana, ila msichimbe mahali pa kale. Tumieni udongo wa bustani mliouchanganya wenyewe.

Chukua punje 50 za mtama na 50 za ulezi. Zifukie kwenye mchanga ndani ya mkebe wa bati, funika, weka juu ya makaa saa moja hivi. Bila mchanga na kifuniko hewa inaingia, punje zinakuwa majivu. Moto ukiwa mkali sana zinapasuka kama bisi. Unataka nyeusi, ngumu, zenye umbo lake. Zichanganye na lita 10 za udongo mkavu.

Jaza ndoo maji hadi theluthi mbili, mimina udongo polepole, koroga kwa mkono bila kuponda. Ngoja sekunde kumi, mchanga ushuke, kisha mimina maji ya juu kupitia kitambaa chepesi chenye matundu ya robo milimita. Rudia mara tatu nne mpaka hakuna cheusi kinachoelea. Msitumie chandarua: matundu yake yanapita milimita 1, ulezi ulioungua na mbegu za magugu zinapenya. Udongo wenu wa Bukavu ni mfinyanzi mzito, utashika punje chini. Uloweke kwanza kwenye maji ya vuguvugu yenye vijiko viwili vya bikarbonati, saa kadhaa. Kinachobaki chini ya ndoo kioshe kwenye chungio la milimita 1, humo ndimo punje nzito hujificha.

Kaushia kivulini, kitambaa kikiwa kimening'inizwa. Juani zinakauka ghafla na kupasuka. Halafu wahesabu: wameweka 50, wamepata ngapi? Wanaakiolojia hufanya jaribio hilo hilo kupima kama vyombo vyao vinapoteza mbegu. Wakipata 30 za mtama na 12 za ulezi, wataona kwa macho yao kwa nini nafaka ndogo zinaonekana chache kwenye ripoti kuliko zilivyokuwa jikoni.

KisaleKusini (Lubumbashi)

Ongeza na sheria moja, mwalimu. Kwenye udongo wetu wa mvua, mbegu isiyoungua haidumu. Ukiikuta nzima kwenye tabaka la kale, imeletwa na mchwa, panya au mzizi hivi karibuni. Hata iliyoungua inaweza kushuka shimoni mwa panya. Ndiyo maana siku hizi kaboni 14, kipimo cha umri wa kitu cha kale, inapimwa kwenye punje yenyewe, miligramu chache zinatosha, si kwenye mkaa uliolala karibu nayo. Mkaa unaweza kuwa wa moyo wa mti uliokwisha kuishi miaka 300 kabla ya kukatwa, na tarehe yako inarudi nyuma kwa miaka hiyo yote.