Droo ya fundi cherehani: niprinti visanduku vyote au nibaki na makopo?

Fundi_wa_Moro

Habari za kazi wakuu. Mimi ni mama, natengeneza cherehani hapa Morogoro, za miguu na za umeme. Sishoni. Nasema mapema maana kila nikijitambulisha naletewa kitenge na picha ya mshono.

Droo ya meza yangu ina upana wa milimita 370, kwenda nyuma 290, kimo 62. Ndani kuna bisibisi zinazolaliana, vibano, maboksi ya bobini, miguu ya cherehani (ile inayokandamiza kitambaa) ya kila aina, pakiti za sindano, na skrubu ndogo zinazoishi kwenye kopo la Blue Band nililolikata nusu. Nikivuta droo kwa haraka vyote vinakimbilia mbele, na mteja amesimama pale ananiangalia navyochakura.

Mdogo wangu yuko chuo, amejipatia printa ya 3D (inayojenga vitu vya plastiki tabaka kwa tabaka), Ender 3 iliyokwisha tumika, na anaipenda kuliko chakula. Amenionyesha mfumo wa Gridfinity aliouanzisha Zack Freedman mwaka 2022: unatandika gridi ya miraba ya milimita 42, juu yake unapachika visanduku vinavyolingana nayo, halafu unavihamisha upendavyo. Yeye anataka kujaza droo nzima. Mimi sina haraka hiyo. 370 haigawanyiki kwa 42, kile kinachobaki tunakifanyaje? Bobini zikaeje? Na plastiki yenyewe itavumilia? Meza iko barazani chini ya bati, ikifika saa saba mchana hata mpini wa bisibisi unashikika kwa shida.

Misumari_Tu

Dada, kopo la Blue Band halihitaji umeme wala chuo. Chukua ubao, toboa matundu, simamisha bisibisi zako, maisha yaendelee.

Fundi_wa_Moro

Kimo ni 62, kaka. Bisibisi gani isimame humo na droo ifungike?

Mzee_wa_Rula

Mwambie mdogo wako atulize mashine kwanza, achukue rula. Droo za mafundi wetu hazina pembe mraba. Pima upana mbele, katikati na nyuma, ushike kipimo kidogo kuliko vyote. Kisha punguza milimita tatu hivi, maana mbao hujaa masika na gridi iliyoingia kwa kubanwa mwezi wa Januari utaitoa kwa patasi mwezi wa Aprili.

Hesabu yako ni hii. 370 inabeba miraba 8, yaani 336, zinabaki 34. Huku kwingine 290 inabeba 6, yaani 252, zinabaki 38. Wengi hugawa hiyo ziada pande zote ili ipendeze. Mimi nasema isukume yote upande mmoja. Gridi ikae mbele kabisa, na kule nyuma utapata mfereji wa upana wa 38 unaokwenda droo nzima. Humo unalala ubapa wa msumeno wa chuma wa milimita 300, kitu ambacho kisanduku cha mraba hakikipendi. Zile 34 za pembeni weka bisibisi ndefu.

Gridi yenyewe usiprinti kipande kimoja, haiingii. Kitanda cha Ender 3 ni 220 kwa 220. Kata vipande vinne vya miraba 4 kwa 3, kila kimoja 168 kwa 126. Umeme ukikatika katikati umepoteza kipande kimoja, si kazi ya usiku mzima.

Kimo cha visanduku kinahesabiwa kwa ngazi za milimita 7. Ngazi 7 ni 49, ongeza ule mdomo wa juu wa milimita nne na ushee, bado una nafasi ya kufunga droo. Ukijaribu ngazi 8 utaanza kukwaruza.

Na huyu Misumari msimdharau. Skrubu ziache kwenye kopo! Sijaelewa kwa nini mtu aprinti kwa saa kadhaa boksi tupu wakati boksi tupu analo tayari. Printi kitako tu cha milimita 41.5 chenye mdomo wa kushika kopo, upachike kwenye gridi kama kisanduku kingine. Kama kopo limezidi mraba mmoja, kitako cha miraba minne. Kichupa cha mafuta ya cherehani nacho hivyohivyo, tena kitako kitadaka matone. Plastiki uitumie pale ambapo chombo kinadai umbo lake: miguu ya cherehani, vibano, bobini.

Sumaku za milimita 6 kwa 2 ambazo watu huzipachika chini ya visanduku, wewe achana nazo. Droo haigeuzwi juu chini, na sindano ikishakaa na sumaku inaanza kuokota vumbi la chuma.

Tabaka_0.2

Shikamoo mzee. Naongezea kwenye umbo. Usipige picha ya simu ukachora kutoka hapo, kamera inapinda kingo. Nenda stationery, lala kibano na miguu ya cherehani juu ya kioo cha skana (weka karatasi ya plastiki wasikufukuze), waskani kwa dpi 300. Hapo nukta 300 ni milimita 25.4 kamili, kipimo unacho tayari. Chora mzingo kwenye Inkscape (programu ya kuchora), hifadhi kama faili la SVG, ingiza Tinkercad (programu ya kuunda maumbo ya 3D), toboa shimo la umbo hilo kwenye kisanduku. Acha nafasi ya nusu milimita hadi moja kuzunguka, na weka upenyo wa kidole, la sivyo utang'oa chombo kwa bisibisi.

Kuhusu joto: plastiki ya printa aina ya PLA huanza kulegea karibu nyuzi 60, ya PETG karibu 80. Kwa baraza lako ningechukua PETG, hasa kama siku moja utabeba visanduku kwenye gari. Ila ikae kwenye mfuko uliofungwa, ikinyonya unyevu inatoa nyuzinyuzi kama buibui.

Mzee_wa_Rula

Marahaba. Bobini: zile za kawaida za class 15 zina kipenyo cha milimita 20 na kidogo, unene karibu 12. Kisanduku cha mraba mmoja hakipokei mbili zikilala sambamba, kinakosa kama milimita moja na nusu, inaudhi. Nenda miraba 2 kwa 2, simamisha vigingi tisa ndani, kila kigingi kibebe bobini tatu. Hizo 27, na rangi ya uzi unaiona ukiwa umekaa.

Fundi_wa_Moro

Shikamoo ya kwangu iko wapi? 😄 Haya, nimepima: mbele 370, nyuma 366. Seremala tutaonana. Miraba 8 bado inaingia. Lakini nina na bobini za mashine za viwandani, ni nyembamba kuliko hizo. Vigingi vilevile?

Tabaka_0.2

Shikamoo mama, samahani. Pima matundu ya zote mbili kwa kalipa (kipimo cha taya), kisha mdogo wako aprinti kigingi kimoja kimoja bila kisanduku, nusu milimita pungufu ya tundu. Kikiingia bila kulegalega, ndipo achore tisa.