Mashine kubwa ya kukereza kwa ajili ya vinu na mabakuli: ninunue ipi?

Mkerezaji_Mikindani:

Salaam wakuu. Nipo Mikindani, kazi yangu ni kukereza: miguu ya samadari, nguzo za ngazi, michi, vifimbo vya kusukumia chapati. Mashine yangu ni ndogo, kitanda chake (ile reli ndefu inayobeba mashine yote) ni cha bati lililokunjwa, mota hospawa 1, na mwendo wake wa chini kabisa ni mizunguko 500 kwa dakika. Kwa mguu wa kitanda sina neno nayo.

Sasa nimepata wateja wawili wanaonitoa jasho. Mmoja ana nyumba ya wageni hapa hapa, anataka mabakuli mapana ya mwembe na mkorosho, karibu nusu mita upana, ya kuweka matunda mezani. Mwingine ni mama anayepeleka vinu Dar. Anataka vinu vya mkongo vinavyofanana, upana sentimita 40, kimo 60. Amechoka kupokea kumi ambavyo kila kimoja kina sura yake.

Korosho zimelipwa, na mzee wangu wa Nanyamba amekubali tuchangie, ila hela ya salfa, dawa ya mikorosho, haiguswi. Bajeti sitaitaja, mafundi wenzangu wa mjini humu wanasoma hapa.

Niliyoyapata ni haya. Shemeji yangu aliyeko Marekani ameona Powermatic 3520C iliyotumika, anasema ni inchi 20, hospawa 2, na anaweza kuipakia kwenye kontena. Pale Dar kuna mtu anafunga karakana yake, anauza Vicmarc VL300 ya Australia, ila bei yake imepanda kuliko ile ya shemeji, na nikigeuza hiyo 300 kutoka milimita napata inchi 12 tu. Inakuwaje mashine ndogo iwe ghali zaidi? Kariakoo kuna mpya ya Kichina, urefu mita 1, wameiandika inchi 18, puli zake zinapanuka na kubana kubadili mwendo. Na mwisho kuna fundi wa kuchomelea wa Magomeni, Mtwara, anasema niachane na yote hayo, atanitengenezea kwa habu ya Fuso, yaani kitovu cha gurudumu la lori.

Nisaidieni kwa kulinganisha. Asiyewahi kukereza naomba asinipe ushauri wa YouTube.

Mchonga_Vinyago:

Mmakonde gani huyo anatafuta mashine ya kutengeneza kinu? Babu zetu walitumia shoka na tezo, na vinu vyao viko mpaka leo.

Mkerezaji_Mikindani:

Nimeshasema mteja anataka vinavyofanana. Njoo na tezo yako utengeneze ishirini vyenye kiuno kimoja, chakula cha mchana juu yangu.

Mzee_wa_Mingoyo:

Mwanangu, nimekereza tangu enzi za mkanda wa ngozi, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu kidogo, univumilie.

Kwanza hiyo 300. Waamerika wanapima upana mzima wa gogo linaloweza kuzunguka juu ya kitanda. Waaustralia na Waingereza mara nyingi wanapima kutoka katikati ya shafti hadi kitandani, yaani nusu yake. VL300 ina milimita 300 za kimo cha senta (ile ncha inayoshika gogo katikati), kwa hiyo inabeba gogo la milimita 600, karibu inchi 24. Powermatic yako ya inchi 20 ni milimita 508. Muuzaji wa Dar hajakudanganya, mashine yake ndiyo kubwa. Ukiona tangazo lolote, uliza kwanza wamepima upana mzima au nusu.

Pili, na hapa ndipo wengi wanapigwa: hizo inchi 20 ni juu ya kitanda kitupu. Kiegemeo cha patasi kina mguu wake unaokaa juu ya kitanda, na huo mguu unakula nafasi. Bakuli halina shida, kwa sababu ni fupi, mguu unakaa pembeni yake. Kinu cha sentimita 60 kimo ni kitu kingine. Mguu lazima upite chini ya gogo lenyewe. Kwa hiyo kinu chako cha sentimita 40 kwenye mashine ya inchi 20 kitapita kwa kubana, na gogo likiwa bado na magome na vifundo huenda lisipite kabisa. Kwenye VL300 utafanya kazi bila kushika pumzi. Usimtumie shemeji hela kabla hajapima kwa futi kutoka juu ya ule mguu hadi ncha ya senta. Azidishe mara mbili, akutumie namba.

Ila Powermatic ina jambo moja zuri: kichwa chake, yaani sehemu yenye mota na shafti, kinateleza juu ya kitanda. Unakisogeza hadi mwisho kule mkiani, bakuli linaning'inia nje, na wewe unasimama mbele yake badala ya kuinama juu ya kitanda kama mtu anayeosha vyombo. Ukiwa na umri wangu utalikumbuka hilo.

Hiyo ya Kariakoo usiinunue kwa kazi hii. Sijali imeandikwa inchi ngapi. Muulize mwendo wake wa chini ni mizunguko mingapi. Nyingi za puli za kupanuka haziendi chini ya mizunguko mia nne na kitu, na zile puli zenyewe zinachakaa kwa vumbi. Kanuni tuliyoishika sisi ni hii: chukua upana wa gogo kwa inchi, zidisha kwa mizunguko, jibu likae kati ya 6,000 na 9,000. Kinu chako ni inchi 16, kwa hiyo mwendo wake ni kama 375 hadi 560. Lakini hapo tunazungumzia gogo lililokwisha kuwa duara! Likiwa bado limepinda linaanza chini ya 200. Mashine isiyofika huko chini si ya kwako.

Fundi_Umeme_Masasi:

Naomba niongeze hesabu kwa alichosema Mzee, maana watu wanaona mizunguko 500 ni kidogo.

Gogo bichi la mkongo la 40 kwa 60 halipungui kilo 70. Tuseme katikati yake halisi imehama sentimita 2 tu kutoka ulipofunga senta, jambo la kawaida kwa gogo. Kwenye mizunguko 200 linavuta shafti kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 63 hivi. Kwenye 500 inafika kama kilo 390. Mwendo umepanda mara mbili na nusu, nguvu imepanda zaidi ya mara sita, kwa sababu inakwenda kwa mraba wa mwendo. Na hiyo nguvu inazunguka, inanyanyua mashine, inaishusha, inaisukuma kushoto na kulia, mara nane kwa sekunde. Mashine yako ya bati itatembea hadi barabarani.

Ndiyo maana hizi kubwa ni za chuma cha kusubu. 3520C ina zaidi ya kilo 300 bila gogo. Hata hiyo ifunge kwenye zege kwa bolti.

Upande wa umeme. Shemeji akuhakikishie kama ni hiyo 3520C yenye inveta. Inapokea fezi moja ya volti 220 hivi, inveta inaigeuza kuwa fezi tatu kwa mota, na ndiyo inayopanga mwendo, kwa hiyo tofauti ya hetsi 60 za kwao na 50 zetu haikusumbui. Lakini akikuletea mashine ya Marekani yenye mota ya fezi moja isiyo na inveta, hapa itazunguka pole kwa karibu sehemu moja ya sita na itapata moto. Na ikiwa ya volti 110, mwambie aiache huko huko.

Inveta ni kitu kizuri ila haipendi umeme unaoruka, na huku kusini tunaujua umeme wetu. Weka kinga ya kuzuia umeme kupanda ghafla, na umeme ukikatika zima swichi kuu kabla haujarudi.

Mkerezaji_Mikindani:

Hizo kilo 390 nimewasomea vijana wangu karakanani, mmoja amesogea mbali na mashine 😂

Shikamoo Mzee. Sasa nimeelewa kwa nini ya Dar ni ghali. Maswali mawili. Habu ya Fuso mnaionaje? Na kutoboa ndani ya kinu, nifanye kwenye mashine au?

Mzee_wa_Mingoyo:

Marahaba mwanangu.

Ndani ya kinu usikereze. Shimo la sentimita 25 au 30 kwenda chini kufuata nyuzi za mti linahitaji patasi ndefu inayoning'inia mbali na kiegemeo, na mkongo haucheki na mtu. Ikikamata, inakupokonya patasi. Kereza nje, weka kiuno na mdomo, chora duara la shimo mashine ikiwa inazunguka pole, kisha shusha. Toboa matundu kwa keekee, malizia kwa patasi na tezo. Yule Mchonga Vinyago umpe kazi hiyo, naye apate chochote.

Habu ya Fuso siichukii. Beringi zake zimetengenezwa kubeba tani, kilo 70 haziziumizi. Nimeona mashine za namna hiyo zikifanya kazi miaka na miaka. Mambo ya kumbana fundi ni matatu. Kitanda kiwe cha ayabimu (vyuma vya umbo la I) mbili nzito zilizonyooka, na miguu ijazwe mchanga au zege. Senta ya mkia ikutane na senta ya kichwa ncha kwa ncha, siyo "karibu karibu", na utaipima kabla hujamlipa. Na zile beringi za gari hukazwa kwa nati, akiacha ulegevu kidogo tu kazi yako yote itatoka na mawimbi. Tatizo kubwa ni vifaa: chaki za kununua, zile taya za kushikia kazi kwenye shafti, zina nyuzi maalum za skrubu. Powermatic ni inchi 1 na robo, nyuzi 8 kwa inchi, na chaki zake ziko tele duniani. Ya Fuso, kila sahani ya kufungia gogo utachongewa na fundi wa chuma.

Kwa vinu peke yake ningekwambia tengeneza. Lakini una mabakuli ya mgeni atakayepitisha kidole ndani kutafuta mkwaruzo. Hayo yanataka shafti isiyotikisika na chaki inayofunga vizuri. Mimi ningeenda Dar kuiona VL300, nikiwa na gogo langu kwenye begi. Izungushe kwa mkono, sikiliza beringi. Shika shafti uivute na kuisukuma. Iwashe mwendo wa chini, ubonyeze gogo kwa patasi uone kama mota inakata tamaa. VL300 ina ngazi tatu za mkanda, kwa hiyo ukishusha mkanda chini ndipo unapata nguvu ya kweli. Mtu anayepunguza mwendo kwa inveta peke yake na mkanda umebaki juu, gogo kubwa litamsimamishia mota.

Bi_Samani_Mtwara:

Samahani kaka zangu, mnaongelea chuma tu. Mkongo huo una kibali? Gogo au kinu, usafirishe na hati ya TFS, wakala wa misitu, la sivyo mama wa vinu atakwama kwenye kizuizi na mzigo wake utabaki hapo. Mkorosho na mwembe wa shambani ni rahisi zaidi, ila serikali ya kijiji ikuandikie.

Halafu mkorosho ukikatwa huwahi kuliwa na wadudu na kuota ukungu. Kereza ukiwa mbichi, acha unene kama sehemu ya kumi ya upana, paka nta pale nyuzi za mti zilipokatwa, weka kivulini bila upepo mkali, uumalizie ukikauka. Nimewahi kununua mabakuli yaliyomalizwa yakiwa mabichi, yakageuka mayai dukani kwangu. Na vaeni barakoa, vumbi la mkongo na mninga linaziba kifua.

Mkerezaji_Mikindani:

Asante dada, hiyo ya sehemu ya kumi nimeiandika ukutani. Kibali cha mkongo mama anacho, nitakiona kwa macho kabla ya kupakia.

Nimempigia mtu wa Dar. Anasema mota ina kibao kimeandikwa 230/400 V, kilowati 2.2, na inveta yake iliungua akaitoa. Amepunguza bei kwa sababu hiyo. Fundi wa Masasi, ni mtego?

Fundi_Umeme_Masasi:

Siyo mtego, ni nafuu yako. Kibao kingesema 400/690 ningekwambia uache, kwa sababu inveta ya fezi moja inatoa volti 230 tu. Hiyo ya 230/400 unafungua kiboksi cha mota, unahamisha zile bati ndogo mota iwe kwenye pembetatu (muungo wa volti 230), siyo nyota (wa 400). Kisha nunua inveta ya kilowati 2.2, kuingia fezi moja ya 230, kutoka fezi tatu. Ni kifaa cha kawaida, si lazima iwe ya kampuni ya mashine. Ila mota uipime kwanza kama haikuungua pamoja na inveta: nyaya zake tatu zisome sawa sawa, na umeme usivuje kwenda kwenye bodi ya mota.

Mkerezaji_Mikindani:

Naenda Dar Jumanne, gogo la mwembe liko kwenye kiroba tayari. Shemeji nimemwambia asubiri. Nichomeke kwenye soketi ya kawaida au?

Fundi_Umeme_Masasi:

Hapana, soketi ya ampea 13 itayeyuka. Inveta ya 2.2 kwa fezi moja inaweza kuvuta ampea 20 na kitu. Vuta waya wa milimita 4 moja kwa moja kutoka kwenye meini, breka yake peke yake ya 32, na waya wa ardhini uwe wa kweli, siyo uliofungwa kwenye msumari.